Jinsi ya Kukusanya Chipu za Kasino: Mwongozo Kamili kwa Anayeanza

Alfajiri ya tarehe 14 Desemba 2010, mtu mwenye bastola na helmeti ya pikipiki aliingia kasino ya Bellagio mjini Las Vegas, akazoa mezani chipu (vile viduara vinavyochezewa badala ya fedha) za thamani ya dola milioni 1.5, akatoka mbio na kutokomea na pikipiki yake. Bellagio ikatangaza kwamba chipu za dola 25,000 za toleo lile hazitapokelewa tena baada ya 22 Aprili 2011. Mwizi alikamatwa mapema mwaka huo akiwa katika harakati za kutafuta wanunuzi. Hata angeponyoka, sehemu kubwa ya mzigo wake isingemnunulia chochote.

Chipu ni hati ya deni. Kasino inakuahidi kukulipa kiasi kilichoandikwa juu yake, na ahadi hiyo ina mwenyewe, ina mahali pake na ina mwisho wake. Kasino ikifungwa au ikibadilisha toleo, deni linafutika, lakini kile kiduara kinabaki na jina la nyumba ambayo pengine imeshabomolewa, rangi zake, mchoro wake na alama ya kiwanda kilichokitengeneza. Mkusanyaji anaanza kazi pale keshia anapoishia.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuanza vizuri, kwa fedha kidogo, bila kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Sehemu kubwa nimeiweka kwenye kuisoma chipu, kwa sababu anayejua kuisoma anaweza kujifunza mengine yote akiwa njiani, na asiyejua atadanganywa hata akiwa na pesa nyingi.

Chagua njia kabla ya kununua

Kasino duniani ni nyingi, na kila moja ina thamani tofauti, matoleo tofauti, chipu za ruleti (mchezo wa gurudumu la namba), za mashindano na za kumbukumbu. Ukinunua kila kinachokupendeza utaishia na rundo lisilo na kichwa wala miguu. Jiwekee mpaka.

Wengi huanza na thamani moja, kwa mfano chipu za dola 1 au dola 5 pekee, kutoka kasino nyingi iwezekanavyo. Ni njia nafuu, na ukizipanga pamoja unaona jinsi kila nyumba ilivyolitatua tatizo lile lile la kuweka jina, picha na namba kwenye nafasi ndogo. Wengine huchagua mji mmoja. Wengine hufuata kiwanda badala ya kasino, wakitafuta kila kalibu, yaani umbo la kushindilia chipu, iliyowahi kutumika.

Mimi ningemshauri anayeanza achague kasino moja yenye historia ndefu na kuifuata mwanzo hadi mwisho. Mfano mzuri ni Sahara ya Las Vegas. Ilifunguliwa 7 Oktoba 1952 na Milton Prell, ikipambwa kwa sanamu za ngamia na wasafiri wa jangwani, na ukumbi wake mkubwa wa maonyesho ukaitwa Congo Room. Mwaka 1961 ikawa mali ya Del Webb, 1982 ikaenda kwa Paul Lowden, 1995 kwa Bill Bennett. Ikafungwa 16 Mei 2011, ikarudi 2014 kwa jina la SLS, na 2019 ikarejeshewa jina la Sahara. Jengo hilo moja linakupa umiliki wa watu mbalimbali, majina mawili na zaidi ya nusu karne ya mitindo. Ukiweka chipu ya Sahara ya zamani, ya SLS na ya Sahara ya leo ubavu kwa ubavu, utaona mji mzima ulivyobadilika ladha.

Njia nyingine ninayoipenda ni kufuata tukio la kihistoria. Moulin Rouge ilifunguliwa 24 Mei 1955 upande wa magharibi wa Las Vegas, ikiwa hoteli na kasino ya kwanza mjini humo iliyowapokea watu weusi na weupe pamoja. Wakati huo wasanii weusi kama Nat King Cole na Sammy Davis Jr. walikuwa wanajaza kumbi za hoteli kubwa, lakini wageni wa rangi yao hawakupewa vyumba humo. Moulin Rouge haikumaliza hata mwaka mmoja ikifanya kazi. Hata hivyo, Machi 1960, katika jengo hilo hilo, yalifikiwa makubaliano ya kuondoa ubaguzi kwenye kasino za Las Vegas. Chipu yenye jina hilo inatafutwa na watu wasiojali kabisa mambo ya karata, na kwa sababu hiyo ukiiona inauzwa bei ya kutupa, jiulize mara mbili.

Jifunze kuisoma chipu

Chukua chipu ya dola 5 ya Las Vegas ya miaka ya karibuni, uiweke kwenye kiganja chini ya taa yenye mwanga wa pembeni. Kipenyo chake kitakuwa milimita 39 hivi. Uzito utacheza kati ya gramu 8.5 na 10.5. Wengi hushangaa, maana seti za nyumbani zinazouzwa madukani huwa gramu 11.5 au 13.5 na hunadiwa kwamba uzito mkubwa ndio ubora. Uzito huo unatoka kwenye kipande cha chuma kilichofichwa ndani ya plastiki. Chipu ya udongo ya kasino haina haja nacho.

Tunaposema udongo, usifikirie chungu kilichochomwa tanuruni. Ni mchanganyiko wa udongo na vitu vingine ambao kila kiwanda hulinda kama siri yake, unaoshindiliwa ndani ya kalibu kwa joto na nguvu kubwa. Ndiyo maana uso wake una ukavu fulani, hautelezi kama plastiki, na zikigongana zinatoa sauti ya chini iliyofifia. Sauti hiyo ukiisikia mara kadhaa hutaisahau.

Sasa fuata sehemu moja baada ya nyingine.

*Ukingo.* Kwenye duara la nje kuna mabaka ya rangi nyingine. Yageuze uyaone pande zote mbili, kisha uyatazame ubavuni. Kwenye chipu halisi ya udongo mabaka hayo si rangi iliyopakwa. Ni vipande vya udongo wa rangi tofauti vilivyopachikwa kabla ya kushindiliwa, kwa hiyo vinaonekana juu, chini na ubavuni, na mipaka yake mara nyingi ina ukungu kidogo pale rangi mbili zilipoingiliana. Mpangilio wa mabaka hausaidii urembo tu. Chipu zikipangwa ishirini ishirini, kamera ya ulinzi iliyo darini inaona ubavu wa mlundo, na chipu ya thamani nyingine iliyochomekwa katikati inajitokeza mara moja. Chipu za thamani kubwa kwa kawaida hupewa mabaka mengi na tata zaidi, maana ndizo zinazowavutia waghushi.

*Alama ya kalibu.* Kati ya ukingo na katikati kuna michoro midogo iliyobonyea au kuinuka. Hii ndiyo saini ya kiwanda, na anayeanza huiruka bila kuitazama. Paulson, kiwanda kilichoanzishwa na Paul Endy mwaka 1963, kinajulikana kwa kofia ndefu na fimbo zinazozunguka uso wote. T.R. King ya Los Angeles ilitumia taji na funguo. Utakutana pia na almasi na miraba, vichwa vya farasi na nyinginezo. Baadhi ya kasino ziliagiza kalibu yenye jina lao wenyewe ukingoni, nazo tunaziita kalibu za nyumba. Jizoeshe kuitafuta alama hii kwanza, kabla hata hujasoma jina la kasino.

*Katikati.* Chipu za zamani nyingi zina maandishi ya dhahabu au fedha yaliyochapwa kwa moto moja kwa moja kwenye udongo. Ni rahisi kutengeneza na rahisi kuchakaa, kwa hiyo chipu ya aina hiyo yenye dhahabu ambayo haijafutika ni ya kuthaminiwa. Nyingine zina kibandiko kilichochapwa na kushindiliwa pamoja na udongo, kikawa sehemu ya chipu. Pitisha ukucha: usihisi ngazi kati ya kibandiko na udongo. Zipo pia zenye kiduara cha shaba katikati.

Baada ya udongo kuna familia nyingine mbili za kuzifahamu. Ya kwanza ni chipu za seramiki, ambazo mchoro wake unafunika uso wote hadi ukingoni bila kukatizwa na kalibu. Wachoraji walipewa uwanja mpana, na ndiyo maana chipu nyingi za kumbukumbu zenye picha za rangi nyingi ni za aina hii. Ya pili ni ya Ulaya. Bourgogne et Grasset, kiwanda cha mji wa Beaune nchini Ufaransa kilichoanzishwa 1923, kilijijengea jina kwa chipu za plastiki na hasa kwa vibao vya mstatili vinavyotumika kwa thamani kubwa katika kasino za Ulaya. Mwaka 2002 kiwanda hicho kiliungana na Paulson na Bud Jones, kiwanda kingine cha chipu, wakawa kampuni moja ambayo baadaye iliitwa Gaming Partners International. Ukikusanya kwa kiwanda, mwaka huo ni mpaka mzuri wa kugawia albamu yako.

Neno moja la afya: baadhi ya chipu za Paulson za zamani zilitiwa madini ya risasi ili ziwe na uzito. Nawa mikono baada ya kuzishika, na usimpe mtoto mdogo achezee.

Rangi zinavyosema

Marekani imezoea mpangilio huu: nyeupe au buluu kwa dola 1, nyekundu kwa 5, kijani kwa 25, nyeusi kwa 100, zambarau kwa 500. Jimbo la New Jersey, ambako kasino ya kwanza ya Atlantic City ilifunguliwa Mei 1978, liliziweka rangi kwenye kanuni kabisa. Kwingineko ni desturi tu, na ukirudi miaka ya 1940 na 1950 utakuta kila nyumba ikijichagulia ilivyopenda.

Ya waridi ina kisa chake. Ni ya dola 2.50, na ipo kwa sababu ya mchezo wa karata wa blakijeki: anayetimiza 21 kwa karata zake mbili za kwanza kwa desturi hulipwa tatu kwa mbili, kwa hiyo dau la dola 5 linazaa dola 7.50, na hiyo nusu lazima ilipwe kwa kitu. Chipu hizi hazina kazi sana nje ya meza hiyo, na wapo wanaokusanya hizo tu.

Ukikuta chipu yenye rangi kali isiyo na thamani yoyote, ila herufi au kimchoro, hiyo ni ya ruleti. Kila mchezaji mezani hupewa rangi yake ili madau yasichanganyike, na thamani hupangwa wakati wa kununua. Huwezi kuipeleka kwa keshia. Inabadilishwa pale pale mezani. Za mashindano ya poka nazo zina namba kubwa kubwa, 1,000 au 25,000, bila alama ya fedha. Usimlipe mtu kwa ukubwa wa namba hiyo, maana haikuwahi kuwa pesa.

Pa kuzipata

Kama uko karibu na kasino, iwe Las Vegas, Nairobi, Dar es Salaam au Kampala, njia fupi ni kwenda dirisha la keshia, kununua chipu moja ya thamani ya chini kwa bei iliyoandikwa, na kumweleza unaitaka kwa ajili ya kumbukumbu. Uliza kama inaruhusiwa kutoka nayo, maana sehemu nyingi kisheria chipu hubaki mali ya kasino. Omba pia ile mpya kuliko zote kwenye trei. Mara nyingi keshia atakuchagulia kwa moyo mweupe. Usipige picha mezani bila ruhusa. Nevada, jimbo iliko Las Vegas, hawamruhusu aliye chini ya miaka 21 kuwa sehemu za michezo.

Hakuna sababu ya kucheza. Nasema hili kwa uzito: mtu asijidanganye kwamba anakusanya huku anapoteza kodi ya nyumba kwenye blakijeki. Wapo pia wasomaji ambao kasino kwao ni mahali pasipokanyagika, kwa dini au kwa malezi. Kwao kuna uwanja mpana wa kasino zilizokufa, ambazo chipu zake haziwezi tena kuchezewa popote na zinapatikana kwa wauzaji wa vitu vya kale na kwenye minada ya mtandaoni kama eBay.

Kasino inapotangaza kufungwa, sikiliza kwa makini. Kanuni ya 12 ya mamlaka ya michezo ya kubahatisha ya Nevada inaitaka kasino iandae mpango wa kuzikomboa chipu zilizobaki mikononi mwa watu kwa muda usiopungua siku 120. Baada ya hapo zinabaki za wakusanyaji. Tropicana ya Las Vegas ilifungwa 2 Aprili 2024 na kulipuliwa Oktoba mwaka huo. The Mirage ilifungwa 17 Julai 2024. Chipu za dola 1 na 5 za nyumba hizo zilizagaa kwa sababu wageni waliondoka nazo mfukoni kama kumbukumbu. Za dola 100 ni habari nyingine, maana ni wachache walioona busara ya kuondoka na dola mia isiyolipwa. Kanuni hii inafaa kwa kasino yoyote: kadiri thamani ya chipu ilivyokuwa kubwa, ndivyo zilivyorudi kwa keshia nyingi na kubaki chache.

Chama kikubwa cha wakusanyaji, Casino Chip & Gaming Tokens Collectors Club, kilianzishwa 1988, na siku hizi kinajulikana kama Casino Collectibles Association. Huwa na maonyesho Las Vegas ambako meza za wauzaji zinajaa ukumbi. Hata usiposafiri, uanachama unakufikisha kwa watu wanaojua, na swali moja kwa mtu anayejua linaweza kukuokolea hela nyingi.

Kagua kabla hujalipa

Sokoni kuna aina mbili za uongo. Ya kwanza ni chipu ya kughushi, iliyoigwa ili ionekane ile halisi. Ya pili ni ya kubuni: imetengenezwa kwa jina la kasino iliyokwisha kufa, au isiyowahi kuwepo kabisa, ili iuzwe kwa wakusanyaji. Haijawahi kukaa mezani hata siku moja. Baadhi ya wauzaji husema wazi kwamba ni ya kubuni, na hapo hakuna kosa. Tatizo ni pale inapobadilisha mikono mara tatu na maelezo yakadondoka njiani.

Silaha yako kubwa hapa ni tarehe. Tuseme umeletewa chipu ya El Rancho Vegas, hoteli ya kwanza yenye kasino kwenye barabara maarufu ya Las Vegas Strip, iliyofunguliwa 3 Aprili 1941. Kibandiko kizuri, rangi zimekolea, muuzaji anasema imetunzwa na familia. Unaigeuza kwenye mwanga wa pembeni na kuona kofia ndefu na fimbo zikizunguka ukingo. Rudisha. El Rancho Vegas iliungua 17 Juni 1960 na kasino haikufunguliwa tena, ilhali Paulson ilianza 1963. Kalibu hiyo haikuweza kuwepo kasino ikiwa hai. Hukuhitaji maabara wala mtaalamu, ulihitaji tarehe mbili tu kichwani. Andika kwenye daftari tarehe za kufunguliwa na kufungwa za kila kasino unayoifuatilia, na tarehe za viwanda, uwe nazo kila unapotaka kununua.

Kagua pia kwa vifaa rahisi. Mizani ya sonara inayosoma sehemu ya gramu itakuambia kama uzito uko mahali pake. Rula ya milimita inatosha kwa kipenyo. Sumaku ikinata, ndani kuna chuma. Hilo peke yake si ushahidi wa uongo, kwa sababu kuna chipu halisi za plastiki zenye kiini cha chuma, lakini kama muuzaji amekuambia ni udongo mtupu, ana la kujibu. Lenzi ya kukuzia itaonyesha kama kibandiko kimechapwa kwa mistari safi au kwa vidoti vya printa ya ofisini. Tochi ya urujuanimno, ile ya kukagulia noti, wakati mwingine hufichua alama zilizofichwa kwenye chipu za kisasa.

Ukinunua kwa mbali, omba picha nne: uso, mgongo, ubavu, na moja iliyopigwa kwa mwanga wa pembeni ili kalibu ionekane. Muuzaji mwaminifu hachukizwi na ombi hili.

Hali, uadimu na bei

Wakusanyaji hupanga hali ya chipu kwa ngazi. Juu kabisa ni mpya, ambayo ukingo wake bado mkali na haujawahi kusagwa na wenzake kwenye trei. Inafuata iliyotumika kidogo, kisha ya wastani, halafu iliyochakaa, ambayo ukingo wake umeviringika na kalibu imeanza kufutika. Chini kabisa ziko zilizovunjika, na zile zilizotobolewa au kukatwa na kasino yenyewe ili zisikombolewe tena. Chipu iliyotobolewa si takataka. Kama ni adimu na hupati nyingine, ichukue, ila kwa bei ya chini sana.

Jinsi ya kupima ukingo: isimamishe wima kwenye meza ya kioo. Mpya husimama imara, iliyoviringika huanguka kirahisi. Njia hii inatosha ukiwa huna cha kulinganishia.

Uadimu nao hupimwa kwa ngazi za R-1 hadi R-10. R-1 ni zile zinazojulikana kuwepo kwa zaidi ya elfu, R-10 ni moja au mbili tu duniani. Kumbuka ngazi hizi hubadilika. Sanduku moja likifunguliwa kwenye nyumba ya mfanyakazi wa zamani wa kasino, chipu ya R-9 inaweza kushuka hadi R-5 kwa wiki moja, na bei ikaporomoka nayo. Ndiyo maana sishauri mtu kuziona chipu kama akiba ya uzeeni.

Kuhusu bei, usitazame kile wauzaji wanachoomba. Tazama kilicholipwa. Kwenye minada ya mtandaoni unaweza kuchuja vitu vilivyouzwa tayari. Chukua mauzo kadhaa ya chipu ile ile katika hali inayokaribiana, uondoe la juu kabisa na la chini kabisa, na katikati utapata bei ya kweli. Kisha ongeza posta na ushuru wa kuingiza nchini. Kwa anayeagiza kuja Tanzania au Kenya, posta ya chipu moja inaweza kuzidi chipu yenyewe. Kusanya maagizo, mwombe muuzaji mmoja akutumie kumi au ishirini kwa kifurushi kimoja. Ishirini hazifiki hata robo kilo.

Za pembe za ndovu, achana nazo

Ukitafuta chipu za kale utakutana na za karne ya 19 zilizochongwa kwa pembe za ndovu, zenye maua au ndege waliokatwa kwa mkono. Zilitumika majumbani na kwenye kumbi za kamari kabla udongo haujashika soko. Ni kazi nzuri ya mikono, sikatai. Lakini kwa msomaji wa Afrika Mashariki zina uzito mwingine. Katika karne hiyo pembe kutoka bara letu zilipitia Zanzibar na kuvuka bahari hadi Connecticut, ambako miji ya Ivoryton na Deep River iliishi kwa kuzikata ziwe funguo za piano na vitana. Si wapagazi wote waliozibeba hadi pwani walifanya hivyo kwa hiari, sembuse ndovu wenyewe.

Sheria nayo iko wazi. Biashara ya kimataifa ya pembe ilipigwa marufuku chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka, mwaka 1989, mwaka ule ule Kenya ilipochoma tani 12 za pembe jijini Nairobi. Marekani nayo ilikaza kanuni zake Julai 2016. Kuingiza hata kipande kidogo nchini bila kibali cha CITES ni kujitafutia kesi, na muuzaji wa mtandaoni hatakuja kukutetea. Mfupa wa ng'ombe na pembe huchanganywa kirahisi, na asiyejua kuzitofautisha asijaribu.

Kutunza

Adui wa kwanza pwani ni unyevu. Dar, Tanga, Mombasa au Muscat, hewa yenyewe ina chumvi na maji, na kibandiko cha karatasi kikipata ukungu hakirudi. Weka chipu kwenye boksi linalofunga vizuri pamoja na vipakiti vya silika (punje za kufyonza unyevu), na uvibadilishe vinaposhiba unyevu. Adui wa pili ni jua. Nyekundu na waridi hupauka haraka zikikaa dirishani. Usiziache ndani ya gari mchana. Joto hilo linatosha kupinda chipu ya udongo.

Kwa albamu, tumia karatasi za plastiki zenye vifuko ishirini, lakini hakikisha si za PVC, kwani plastiki hiyo huanza kunata na kuharibu uso baada ya miaka. Chipu za thamani zipe kapsuli ngumu za milimita 39, kila moja na yake. Usizifunge kwa mpira wa bendi. Mpira ukioza unaacha mstari usiofutika. Chipu ya udongo ikidondoka kwenye vigae hupasuka, kwa hiyo zifungue juu ya kitanda au taulo.

Kusafisha: kidogo, au usisafishe kabisa. Brashi laini kavu huondoa vumbi. Uchafu wa mikono unaweza kufutwa kwa kitambaa chenye unyevu mdogo na tone la sabuni laini, ukiepuka kibandiko na maandishi ya dhahabu, kisha ikaushwe kivulini. Usiiloweke. Usitumie spiriti wala asetoni. Wapo wanaopaka mafuta ya madini ili rangi irudi kukolea. Inarudi kweli, lakini ukiuza chipu hiyo bila kusema umeipaka mafuta, umemdanganya mnunuzi kuhusu hali yake.

Daftari na kubadilishana

Kila chipu ikiingia ndani ipewe namba, na uandike: kasino, mji, thamani, rangi kuu na za mabaka, idadi ya mabaka, kalibu, aina ya katikati, hali, uadimu, uliipata kwa nani, lini na kwa kiasi gani. Jedwali la kompyuta linafaa, lakini piga picha uso na mgongo na uhifadhi nakala mahali pengine. Mstari mmoja unaweza kusomeka hivi: "Na. 14. Sahara, Las Vegas, dola 5, nyekundu, kalibu ya kofia na fimbo, kibandiko, iliyotumika kidogo, mnada wa mtandaoni." Baada ya chipu hamsini utaona faida yake, maana utaacha kununua ulizonazo tayari.

Ukishakuwa na za ziada, badilishana. Chipu ya kasino ya Nairobi au Dar ambayo kwako ni ya kawaida, kwa mkusanyaji wa Nevada ni ngumu kuipata, na mara nyingi yuko tayari kukupa mbili tatu za kwao. Kubalianeni hali kwa picha kabla ya kutuma. Zifunge kila moja peke yake zisigongane, uziweke katikati ya makadibodi mawili magumu, utume kwa njia yenye namba ya ufuatiliaji. Kwenye fomu ya forodha andika kilichomo kwa ukweli: chipu za kasino kwa ajili ya mkusanyiko, idadi yake, na thamani mliyokubaliana.